Marsigli: Kijana aliyewasikiliza wavuvi, akafichua mto ulio chini ya bahari

UKISIMAMA kando ya Bosphorus jijini Istanbul, Uturuki, utaona maji yakikimbia upande mmoja tu. Yanatoka Bahari Nyeusi huko kaskazini, yanapita katikati ya jiji kama mto uliofurika, kisha yanaingia Bahari ya Marmara na kuendelea hadi Mediterania. Tupa kijiti majini, kitaelekea kusini. Mashua inayopanda kaskazini lazima itoe jasho. Mwalimu akikuuliza maji haya yanaenda wapi, utajibu fasta bila hata kukuna kichwa.

Na utapata nusu ya alama.

Chini ya mto huo unaouona kuna mto wa pili, na huo unakwenda kaskazini. Njia ni moja, mito ni miwili, mmoja umebebwa mgongoni na mwingine, na kila mmoja una safari yake.

Msee wa kwanza kulipima jambo hili, kulieleza na kulionyesha kwa jaribio ambalo hata wewe unaweza kulifanya jikoni kwenu, alikuwa na miaka 21 tu. Aliitwa Luigi Ferdinando Marsigli. Baadaye maisha yalimtandika vilivyo: aliuzwa kama mtumwa, akawachemshia kahawa maadui zake, akapanda cheo hadi jenerali, kisha akavuliwa cheo hicho kwa aibu. Tulia nikupe stori yake toka mwanzo.

Mtoto wa sonko asiyetulia darasani

Marsigli alizaliwa Julai 10, 1658, mjini Bologna, Italia. Familia yake ilikuwa ya makabaila, watu wenye mashamba, jina na heshima. Kwa kijana wa aina hiyo, njia ilikuwa imeshachorwa: soma kidogo, oa vizuri, simamia mali ya mzee.

Yeye hakutaka. Hakuwahi hata kumaliza digrii ya chuo kikuu, ingawa Bologna ilikuwa na mojawapo ya vyuo vikuu vya kale zaidi Ulaya. Alichofanya ni kuwatafuta walimu aliowaamini na kujifunza kwao moja kwa moja. Mmoja alikuwa Marcello Malpighi, daktari aliyetumia hadubini kuona mishipa midogo kabisa ya damu ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiona kabla yake. Mwingine alikuwa Geminiano Montanari, bingwa wa hesabu na elimu ya nyota.

Walimu hawa wawili walimpa tabia moja ambayo haikumtoka hadi kifo: jambo halikubaliwi kwa sababu limeandikwa kwenye kitabu cha kale, wala halikataliwi kwa sababu aliyelisema ni mtu wa chini. Linapimwa.

Safari ya Istanbul

Mwaka 1679 jamhuri ya Venice ilikuwa inatuma balozi mpya Istanbul, mji ambao Wazungu wakati huo waliuita Constantinople. Marsigli akapata nafasi katika msafara huo. Mji ulikuwa makao makuu ya milki ya Ottoman, dola kubwa iliyotawala nchi za Afrika Kaskazini, Uarabuni na sehemu kubwa ya kusini mashariki mwa Ulaya.

Alikaa huko karibu mwaka mzima. Vijana wengine wa hadhi yake wangeishia kwenye karamu za mabalozi. Yeye alizunguka na daftari. Aliuliza jinsi jeshi la Ottoman linavyopangwa, aliuliza kuhusu kahawa, na akaenda majini.

Bosphorus ni mlango wa bahari wenye urefu wa kilomita 31 hivi. Mahali pembamba zaidi ni kama mita 700 tu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Wavuvi wa hapo walikuwa na habari ya ajabu: juu maji yanashuka kusini, lakini ukishusha kitu kina cha kutosha, kinavutwa kinyume. Habari hiyo haikuwa mpya. Katika karne ya 6, mwanahistoria Procopius alikuwa ameandika kwamba nyavu za wavuvi zikizama sana hubebwa kuelekea Bahari Nyeusi. Balozi wa Uingereza mjini humo, Sir John Finch, naye aliyajua mambo haya, akamdokezea Marsigli.

Hapa ndipo utaona tofauti kati ya huyu kijana na wasomi wengi wa siku zake. Angeweza kusema hizo ni porojo za watu wa pwani wasiojua kusoma. Angeweza pia kuzimeza zote bila kupima, ambalo ni kosa lile lile lililovaa koti jingine. Badala yake alikodolea macho swali lenyewe: je, ni kweli? Na kama ni kweli, nini kinasukuma hayo maji?

Kamba, vizibo na mizani

Kwanza alipima mkondo wa juu. Alitumia gurudumu lenye mapanga kama ya kinu cha maji, akalitia majini, akahesabu linazunguka mara ngapi huku akipima muda kwa timazi inayobembea. Saa ya mkononi haikuwepo, usisahau.

Kisha akachukua kamba, akafunga uzito mwishoni, na katikati yake akafunga vipande vya koki, lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa. Alivipaka rangi nyeupe ili vionekane ndani ya maji. Akaishusha kamba taratibu kutoka kwenye mashua na kuchungulia. Vipande vya juu vilisukumwa kusini pamoja na mkondo unaoonekana. Vya chini vikapinda upande wa pili, kuelekea Bahari Nyeusi. Wavuvi walikuwa sahihi.

Wengi wangetosheka hapo na kurudi nyumbani kujigamba. Marsigli alitaka kujua sababu, kwa hivyo akaanza kupima uzito wa maji yenyewe. Alichota sampuli kutoka bahari tofauti na kutoka vina tofauti, akazilinganisha. Maji ya Bahari Nyeusi yalikuwa mepesi. Maji ya Mediterania yalikuwa mazito. Na maji aliyoyatoa chini ya Bosphorus yalikuwa mazito kuliko yale ya juu yake.

Tofauti hiyo inatokana na chumvi. Bahari Nyeusi humiminiwa maji baridi yasiyo na chumvi na mito mikubwa kama Danube, Dnieper na Dniester. Mediterania nayo hupigwa na jua, maji yanageuka mvuke, chumvi inabaki. Vipimo vya leo vinaonyesha kwamba kilo moja ya maji ya juu ya Bahari Nyeusi ina chumvi gramu 18 hivi, wakati ya Mediterania ina gramu 38 hivi. Ukiyatazama kwenye glasi huwezi kuyatofautisha. Ukiyakutanisha, yatajitofautisha yenyewe.

Sanduku la mashimo mawili

Marsigli alitengeneza sanduku na kuligawanya katikati kwa ubao. Upande mmoja akatia maji mazito yaliyotoka chini ya Bosphorus. Upande wa pili akatia maji yenye wepesi wa yale ya juu ya Bahari Nyeusi, akayatia rangi ili yafuatwe kwa jicho. Ubao ulikuwa na mashimo mawili, moja juu na moja chini.

Mashimo yalipofunguliwa, maji mazito yalipita shimo la chini kwenda upande wa mepesi. Wakati huo huo, maji mepesi yakapita shimo la juu kwenda upande wa mazito. Bahari mbili na mlango wake, zote ndani ya kisanduku kimoja.

Mwaka 1681 alichapisha matokeo hayo mjini Roma, katika kitabu kidogo kilichoandikwa kama barua kwa Christina, malkia wa Sweden aliyekuwa amejiuzulu kiti cha enzi na kuhamia huko. Ndani yake aliwataja wavuvi wa Kituruki waliompa habari, na balozi Finch pia. Hakujifanya kwamba wazo lilimwangukia kutoka mbinguni.

Vitu viwili vikikutana, nani anapita?

Tusimame hapa kidogo, maana jambo alilolifichua Marsigli liko kila mahali, hata nyumbani kwako.

Fungua friji ukiwa miguu mitupu. Baridi unaisikia wapi kwanza? Kwenye vidole vya miguu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya chumba, kwa hivyo inamwagika na kutambaa sakafuni, na hewa ya joto inaingia kwa juu kujaza pengo. Hakuna feni inayoisukuma. Kinachoivuta ni uzito wake wenyewe, yaani mvutano wa dunia. Wanasayansi huita mtiririko wa aina hii mkondo wa uzito.

Katika Bosphorus kuna nguvu mbili zinazovutana. Bahari Nyeusi, kwa kuwa inamiminiwa maji mengi ya mito, imeinuka kidogo kuliko Marmara. Kwa hivyo juu kabisa maji yanateremka kusini. Lakini kadiri unavyozama, ule uzito wa maji ya chumvi unazidi kulemea. Ukifika kina fulani, msukumo wa upande wa Marmara unaushinda ule wa Bahari Nyeusi, na maji yanageuza safari.

Unataka kuona kwa macho yako? Tafuta bakuli refu la plastiki linaloonyesha ndani. Ligawe katikati kwa kipande kigumu cha plastiki, kibane vizuri pembeni kwa plastisini. Upande mmoja tia maji ya kawaida. Upande wa pili tia maji yaliyokorogwa chumvi vijiko kadhaa na matone ya rangi ya chakula. Chomoa kizuizi kwa mpigo. Utaona maji yenye rangi yakitambaa chini kama ulimi, kichwa chake kikiwa kimetuna kidogo, huku maji safi yakirudi kwa juu. Ulimi ukigonga ukuta wa mwisho, utapanda, kisha utarudi kama wimbi.

Sasa fanya ujanja mwingine. Weka vizuizi viwili, maji ya chumvi yenye ukolezo sawa ncha zote mbili, maji safi katikati. Chomoa vyote kwa pamoja. Ndimi mbili zitakimbiliana na kugongana katikati. Kwa kuwa zina uzito sawa, hakuna inayoweza kupita chini ya mwenzake. Zitasimama wima kama ukuta, juu zaidi ya kimo chake cha kwanza, kisha ukuta utaanguka na kila upande utarudi ulikotoka kama wimbi.

Rudia, lakini safari hii upande mmoja uwe na chumvi nyingi zaidi. Zikikutana, ile nzito itajipenyeza chini na kuinyanyua ile nyepesi mgongoni. Swali la nani anapita chini huamuliwa na uzito. Kelele na kasi ya mwanzo hazimpi mtu ushindi.

Mambo haya hayaishii kwenye bakuli. Kama una jamaa Kericho au Nandi, muulize kuhusu mvua ya mawe ya alasiri. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko Ziwa Victoria, kwa hivyo hewa ya ziwani, iliyo baridi na nzito zaidi, inasukumwa kwenda nchi kavu na kupanda miinuko. Huko juu inakutana na upepo unaotoka mashariki. Hewa ikikosa pa kwenda pembeni, inakwenda juu. Ikifika juu sana inazaa mawingu mazito, radi, na ile mawe inayopasua majani ya chai. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, hewa nzito inateremka kutoka pande zote kuelekea ziwani, na mikondo inakutana juu ya maji yenye joto. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku wa manane na alfajiri, saa ambazo wavuvi wako majini. Kwao hili ni suala la kurudi nyumbani au kutorudi.

Basi, turudi kwa Marsigli, maana mkondo wake mwenyewe ulikuwa karibu kugeuka.

Kahawa ya utumwani

Mwaka 1682 alijiunga na jeshi la Kaizari Leopold wa Kwanza, aliyetawala kutoka Vienna. Hakukaa sana. Julai 1683 jeshi la Ottoman lilikuwa linaelekea Vienna, na Marsigli akiwa kwenye mto Rába, Hungaria, alijeruhiwa na kukamatwa na wapanda farasi wa Kitatari. Kijana wa kikabaila akageuka bidhaa.

Aliuzwa kwa pasha mmoja wa Ottoman na kupelekwa kwenye kambi iliyouzunguka mji wa Vienna. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchemsha kahawa kwenye hema. Hebu fikiria: mbele yake ni mji wa bwana wake unaopigwa mizinga, nyuma yake ni sufuria ya kahawa ya wale wanaoupiga.

Septemba 12, 1683, majeshi ya muungano yakiongozwa na mfalme Jan Sobieski wa Poland yaliuokoa mji wa Vienna. Waottoman walirudi nyuma, na mateka wao wakaburutwa pamoja nao. Marsigli akauzwa tena, safari hii kwa wanajeshi wawili wa Bosnia waliokuwa na matumaini ya kulipwa fidia. Walimpeleka kwao na kumtunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa kuuza. Fidia ikapatikana, na mwaka 1684 akawa huru.

Wewe ungefanya nini baada ya hapo? Wengine wangetaka kusahau kabisa harufu ya kahawa. Yeye mwaka 1685 alichapisha mjini Vienna kijitabu kuhusu kahawa: mmea wake, namna inavyotengenezwa na faida zake kwa mwili. Wakati huo kahawa bado ilikuwa kitu kigeni kwa Wazungu wengi. Alikuwa amejifunza upishi wake kwa njia chungu kuliko zote, na hakuona sababu ya kuuacha ujuzi huo upotee.

Alirudi jeshini, sasa kama mhandisi wa ngome na madaraja. Mwaka 1686 mji wa Buda ulipotekwa kutoka kwa Waottoman, wakati wenzake wanatafuta dhahabu yeye alikuwa anatafuta vitabu katikati ya moto na vifusi. Maandishi ya Kiarabu na Kituruki aliyoyakusanya miaka hiyo yako hadi leo kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Bologna.

Mkataba wa Karlowitz ulipotiwa saini mwaka 1699, Kaizari alimteua Marsigli kuongoza uwekaji wa mpaka mpya kati ya dola hizo mbili. Kwa takriban miaka miwili alitembea milimani na mabondeni pamoja na maafisa wa Ottoman wakikubaliana mstari upite wapi. Mtumwa wa jana alikuwa anachora ramani na watu wa waliomnunua.

Upanga uliovunjwa

Kisha likaja pigo kubwa zaidi. Mwaka 1703, katika vita vya kugombea kiti cha Uhispania, Marsigli alikuwa naibu kamanda wa ngome ya Breisach kando ya mto Rhine. Wafaransa waliizingira kwa nguvu, na baada ya wiki mbili hivi ngome ikasalimu amri.

Vienna haikutaka kusikia sababu. Maafisa wakuu walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Februari 1704, kamanda wake, Philipp von Arco, alikatwa kichwa. Marsigli alisazwa uhai, lakini alivuliwa vyeo vyote na upanga wake ukavunjwa, ishara kwamba si mwanajeshi tena wala hana heshima ya kuwa mwanajeshi. Alikuwa na miaka 45, na miaka zaidi ya 20 ya utumishi ilikuwa imefutwa kwa siku moja.

Alijitetea. Alichapisha maandishi ya kueleza kwamba ngome haikuwa na watu wala vifaa vya kutosha. Wapo waliomwamini, hasa nje ya Vienna, lakini vyeo havikurudi.

Kurudi majini

Alichofanya baadaye kinaniambia mengi kumhusu kuliko vita vyote. Alikwenda Cassis, mji mdogo wa wavuvi karibu na Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1706 na 1707 alitoka tena majini na wavuvi, kama alivyofanya akiwa na miaka 21. Alipima kina, joto, chumvi na mikondo. Aliona kwamba sakafu ya bahari hushuka polepole kutoka pwani, kisha ghafla inakatika na kuporomoka kwenye kina ambacho kamba zake hazikufika chini.

Aliangalia pia marijani nyekundu. Akiyaweka matawi yake kwenye chombo cha maji ya bahari, aliona vitu vyeupe kama maua vikichanua, na akiyatoa majini vikajifunga. Akahitimisha kwamba marijani ni mmea na hayo ni maua yake. Hapo alikosea. Daktari mmoja kijana wa Marseille aliyekuwa amejifunza kwake, Jean-André Peyssonnel, alikuja kuonyesha kwamba hayo maua ni wanyama wadogo. Alichokiona mzee kilikuwa kweli, maelezo yake ndiyo yaliyokuwa na kasoro, na mwanafunzi akatumia njia ile ile ya kutazama na kupima kumsahihisha.

Mwaka 1725 kitabu chake kikubwa kuhusu bahari kilitoka Amsterdam. Wengi hukihesabu kuwa kitabu cha kwanza kilichotolewa kwa ajili ya sayansi ya bahari peke yake. Mwaka uliofuata kikatoka kingine kuhusu mto Danube, juzuu sita nzima, zenye ramani, ndege, samaki, madini na magofu ya Warumi. Royal Society ya London ilikuwa imemfanya mwanachama tangu 1691, na alipotembelea Uingereza miaka ya 1720, rais wa chama hicho alikuwa Isaac Newton mwenyewe.

Zawadi kwa Bologna

Mali aliyojikusanyia maishani haikuwa dhahabu. Ilikuwa mawe, mimea iliyokaushwa, vyombo vya kupimia, vitabu na maandishi. Mwaka 1712 aliukabidhi mji wake wa kuzaliwa vyote hivyo, kwa sharti kwamba vitumike kufundishia. Ndivyo ilivyoanzishwa Taasisi ya Sayansi ya Bologna, iliyofungua milango yake mwaka 1714 katika jengo la Palazzo Poggi. Alitaka vijana wafundishwe kwa kushika na kupima vitu, badala ya kukaririshwa tu.

Akina dada, mnahusika hapa: mwaka 1732 akademia ya taasisi hiyo ilimpokea Laura Bassi, msichana wa miaka 20, na miaka mingi baadaye akapewa kiti cha uprofesa wa fizikia ya majaribio hapo hapo. Marsigli hakuishi kuona siku hiyo. Alikuwa amefariki Novemba 1, 1730, mjini Bologna, akiwa na miaka 72.

Wale waliotilia shaka

Unaweza kudhani kwamba baada ya kamba, mizani na sanduku hakukuwa na ubishi tena. Wapi! Karibu miaka 200 baadaye bado kulikuwa na mabaharia na wasomi waliokataa kwamba kuna mkondo wa chini katika Bosphorus. Wengine walitazama juu, wakaona maji yakienda kusini, wakaridhika.

Mwaka 1881 afisa wa jeshi la majini la Urusi, Stepan Makarov, aliyekuwa na meli yake Istanbul, aliamua kuumaliza mjadala. Aliteremsha pipa zito kutoka kwenye mashua hadi kina kirefu. Pipa likanaswa na mkondo wa chini, na mashua nzima ikaanza kuvutwa kaskazini, kinyume na maji yaliyokuwa yakikimbia chini ya pua yake. Kisha akapima uzito wa maji na kasi yake mara nyingi, kwa vyombo bora kuliko vya Marsigli. Jibu likawa lile lile.

Leo tunajua kwamba maji hayo mazito hayakomi yakitoka Bosphorus. Yanaendelea kutambaa kwenye sakafu ya Bahari Nyeusi kama mto wa kweli, ndani ya mfereji wake, yakiteremka taratibu hadi yachanganyike na maji mengine. Juu ya mto huo meli zinapita na watu wanavua, na hakuna anayeuona.

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kuzungumza na mvuvi wa Mbita, au na bibi anayechuma chai Kericho na anayejua mvua itaanza saa ngapi, usimkatize haraka. Muulize anaona nini, na wakati gani hasa. Halafu tafuta kamba yako na vizibo vyako, ukapime.